Mzee akivunjika nyonga, hospitali nzuri utaijuaje? Vipimo vya Uingereza na tunachoweza kuhesabu kwetu

#1 NesiWaMifupa

Wakuu, salaam.

Nafanya kazi wodi ya mifupa hapa Uingereza. Wagonjwa wetu wengi ni wazee waliovunjika nyonga: bibi kateleza bafuni, babu kajikwaa kwenye zulia, mguu umefupika na wayo umegeukia nje. Ndugu wakinipigia kutoka nyumbani kuuliza wampeleke mzee wao hospitali gani, swali la kwanza huwa "daktari wao wa upasuaji anajua kazi?" Ni swali la haki, ila halitoshi, na ndiyo maana nimefungua uzi huu.

Kwa mzee, nyonga ikivunjika ni ugonjwa wa mwili mzima. Hata hapa, pamoja na vifaa vyote, kati ya wagonjwa 100 kama 6 au 7 hufariki ndani ya siku 30, na mwaka ukitimia wamekwenda robo yao au zaidi. Wanaondoka kwa nimonia, kwa moyo, kwa damu iliyoganda mguuni ikapanda mapafuni, kwa kidonda cha kulalia kilichoingia wadudu, kwa kuacha kula. Karibu yote hayo yanalishwa na kulala chali ukiwa na maumivu. Eksirei ikionyesha chuma kimekaa sawasawa, imekusimulia habari za saa moja na nusu ya thieta (chumba cha upasuaji) tu. Siku zilizotangulia na wiki zilizofuata hazionekani pale.

Sweden walianza rejesta ya taifa ya wagonjwa hawa mwaka 1988, inaitwa Rikshöft. Scotland ikafuata 1993. England, Wales na Ireland ya Kaskazini walianza yao 2007, jina lake National Hip Fracture Database, tunaiita NHFD. Walioianzisha ni chama cha madaktari wa upasuaji wa mifupa wakishirikiana na chama cha madaktari wa wazee. Kwa maoni yangu ushirikiano huo ndio uliobeba kila kitu kilichofuata, maana kabla ya hapo mgonjwa alikuwa wa mpasuaji peke yake, na mpasuaji akimaliza kushona, mgonjwa anabaki hana mwenyewe.

Kila mgonjwa wa miaka 60 na kuendelea anafunguliwa fomu. Tunaandika alifika mlango wa dharura saa ngapi, akaingia wodi ya mifupa saa ngapi, kama alidungwa ganzi ya neva ya nyonga ili asikae na maumivu, daktari bingwa wa wazee alimwona lini, upasuaji ulianza saa ngapi na ulikuwa wa aina gani. Kisha: kesho yake alitoka kitandani? Alichanganyikiwa baada ya upasuaji? Alipata kidonda? Alirudi kuishi alikokuwa akiishi? Siku ya 120 anapigiwa simu: uko wapi, unatembeaje, dawa ya kuimarisha mifupa unatumia?

Majibu ya kila hospitali, kwa jina lake, yako wazi mtandaoni. Mtoto wa mgonjwa anaweza kufungua na kuona hospitali ya mtaani kwao inawatoa wangapi kitandani siku ya pili.

Mwaka 2010 England wakatia fedha. Hospitali ikitimiza masharti yote kwa mgonjwa mmoja, inalipwa nyongeza kwa mgonjwa huyo. Ilianza kwa pauni 445, miaka miwili baadaye ikawa pauni 1,335. Masharti makubwa: upasuaji ndani ya saa 36 tangu kufika, daktari wa wazee amwone ndani ya saa 72, apimwe akili kabla na baada ya upasuaji, achunguzwe kwa nini alianguka na mifupa yake ina nguvu gani. Ukikosa moja, nyongeza yote ya mgonjwa huyo imekwenda.

Naomba tujadili. Sisi, kwa hali yetu, tuhesabu nini?

#2 mama_Neema

Asante dada kwa uzi. Mimi si mtu wa afya, nauliza kama mwananchi. Huyo daktari wa wazee anafanya nini ambacho yule wa mifupa hawezi? Naona amewekewa saa zake kabisa.

#3 NesiWaMifupa

mama_Neema, mfano wa wodini. Bibi wa miaka 84 kaletwa usiku. Daktari wa mifupa anaona mvunjiko wa shingo ya mfupa wa paja, anapanga kumwekea kiungo bandia. Yuko sahihi. Daktari wa wazee akija anauliza mambo mengine: alianguka kwa sababu gani? Presha inashuka akisimama? Anameza dawa ngapi, na ipi kati ya hizo inamlewesha? Mapigo ya moyo yanaruka, je, ni sababu ya kuahirisha upasuaji au tunaweza kuyatuliza asubuhi hii hii akaingia thieta mchana? Choo amepata? Anasikia, au kifaa chake cha masikio kimebaki nyumbani, na sisi tunaandika "amechanganyikiwa" kumbe hasikii tu?

Wazo hili lilizaliwa huku huku Uingereza, mji wa Hastings, ambako mpasuaji wa mifupa Michael Devas na daktari wa wazee Bobby Irvine walikuwa wakizungukia wagonjwa pamoja miaka mingi kabla ya kuwepo rejesta yoyote. Baadaye Wanorwei walilifanyia jaribio pale Trondheim. Wagonjwa karibu 400 waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu wakalazwa wodi ya wazee tangu mwanzo, nusu wodi ya mifupa kama kawaida. Majibu yalitoka 2015. Miezi minne baadaye wale wa wodi ya wazee walikuwa wanatembea vizuri zaidi, na upasuaji wao ulikuwa ule ule.

#4 Mtakwimu_Dom

Mkuu NesiWaMifupa, uzi mzuri. Niongeze upande wa hesabu, maana watu wakisikia "hospitali zote zimewekwa wazi kwa majina" wanakimbilia kuzipanga kama msimamo wa ligi.

Chukua hospitali inayopokea wagonjwa 100 kwa mwaka. Kwa kiwango cha vifo 7 kwa 100, mwaka huu inaweza kupata vifo 4, mwaka ujao 11, na hakuna kilichobadilika wodini. Ni bahati tu. Ndiyo maana NHFD wanachora mchoro wenye umbo la faneli: hospitali ndogo zinaruhusiwa kuyumba sana, kubwa kidogo. Anayeitwa kujieleza ni yule aliyetoka nje ya kuta za faneli.

La pili ni uzito wa wagonjwa. Hospitali inayopokea wazee kutoka nyumba za kulelea wazee, wenye magonjwa matatu matatu, huwezi kuilinganisha moja kwa moja na inayopokea wastaafu wanaocheza gofu. Kabla ya kutangaza vifo wanasawazisha kwa umri, jinsia, hali ya afya aliyoandika daktari wa usingizi, namna mgonjwa alivyokuwa akitembea kabla, alikotoka, na aina ya mvunjiko. Bila hivyo unawaadhibu wanaopokea wagonjwa wazito, na kesho watatafuta njia ya kuwakwepa.

La tatu, na hapa wengi wanajikwaa: hesabu vifo vya siku 30 popote mgonjwa alipo. Ukihesabu waliofia wodini peke yao, hospitali inayowaruhusu mapema itaonekana bora kuliko wote, kwa sababu watu wake wanafia nyumbani.

Kuhusu kama kupima kulisaidia, upo utafiti wa England uliochapishwa 2015. Kati ya 2007 na 2011 waliofanyiwa upasuaji mapema walipanda kutoka 54.5% hadi 71.3%, na vifo vya siku 30 vikashuka kutoka 10.9% hadi 8.5%. Mwenye shaka atasema vifo vilikuwa vinashuka hata kabla. Ni kweli vilikuwa vinashuka, na watafiti walilipima hilo: kabla ya 2007 vilipungua kwa kama 1.8% ya kiwango chake kila mwaka, baada ya rejesta 7.6%. Tofauti hiyo siwezi kuipuuza.

#5 DaktariWaKanda

Nimesoma yote. Mimi ni daktari wa mifupa, hospitali ya rufaa, Tanzania. Naomba niseme wazi kwamba saa 36 kwetu leo ni kipimo cha kunivunja moyo, hakitanisaidia kurekebisha kitu.

Mgonjwa wangu anafika vipi? Ameanguka Jumatatu. Kaangaliwa nyumbani, kachuliwa, kapelekwa zahanati, kapewa dawa ya maumivu. Wiki ya pili anafika hospitali ya wilaya, eksirei inapigwa, anaandikiwa rufaa. Anapofika kwangu kidonda cha mgongoni tayari kipo, maji yamemkauka, damu imeshuka. Halafu ndugu wanaanza kutafuta hela ya chuma. Kisera wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wana msamaha wa matibabu, lakini kiungo chenyewe mara nyingi familia inachangishana. Damu ya kuongeza nayo ndugu wakachangie. Siku chuma kimepatikana, thieta imejaa majeruhi wa bodaboda ambao ni vijana na wanavuja damu, na mzee anasogezwa mbele tena.

Kuna wanaofungiwa uzito mguuni wakalala hivyo wiki kadhaa. Kuna wanaoomba karatasi ya kuondoka. Hao wakitoka sijui mwisho wao. Sasa ukinipima kwa saa 36 utaandika "hapana" mstari mzima, na mwaka ujao "hapana" tena.

#6 Kijana_wa_Lushoto

Daktari umeongea ukweli. Naomba kuongeza la kwetu sisi ndugu. Mama yangu alilazwa na nyonga, hospitali sitaitaja. Mara tatu aliambiwa asile tangu usiku, anaingia thieta asubuhi. Mara tatu ikafika jioni tukaambiwa imeshindikana. Mama wa miaka sabini na kitu, ana sukari, anashinda na njaa na kiu kitandani. Baada ya upasuaji hakuna aliyetuambia kwamba anaweza kukaa. Tulimlaza tukimhurumia, tukimlisha kwa kijiko akiwa chali, tukidhani tukimgusa chuma kitatoka. Fizio, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alikuja siku nyingi baadaye. Nikisoma hapa kwamba kuna nchi wanaandika kama mgonjwa ametoka kitandani KESHO YAKE, naumia sana.

#7 NesiWaMifupa

Kijana_wa_Lushoto, pole sana. Mlifanya mlichojua, waliopaswa kuwaambia hawakuwaambia. Mama anaendeleaje sasa?

Nieleze hiyo "kesho yake" ikoje, ili mwenye mzee wodini asome. Asubuhi baada ya upasuaji tunampa dawa ya maumivu nusu saa kabla. Tunamgeuza, tunamkalisha ukingoni mwa kitanda, miguu inagusa sakafu, tunasubiri kizunguzungu kipungue. Fremu ya kutembelea mbele yake, fizio upande mmoja, mimi upande mwingine, mpira wa mkojo umening'inizwa kwenye fremu usije ukavutika. Anasimama. Wengine wanasimama kwa pumzi tatu nne tu, uso umekunjamana, halafu tunamzungusha anaketi kwenye kiti chenye mikono. Anakunywa chai akiwa ameketi, na mapafu yake yanafunguka kuliko alivyokuwa amelala. Upasuaji wa nyonga ya mzee hupangwa hivyo makusudi, aweze kukanyagia mguu mzima mara moja. Mkiambiwa asikanyage, ulizeni sababu.

Kipimo hiki nakipenda kuliko vyote. Kinahitaji kiti, fremu, watu wawili na dawa ya maumivu, na hospitali ya wilaya inaweza kuwa navyo. Na hakidanganyiki kirahisi, maana ndugu yupo hapo pembeni anaona kama mama yake ameketi au hajaketi.

Hilo la njaa nalo liandikwe. Mara ngapi mgonjwa alifungishwa bila kupasuliwa. Ni aibu inayohesabika kwa penseli.

#8 Mzee_Kipara

Mimi nina wasiwasi na haya mambo ya kupima. Nimefanya kazi serikalini miaka mingi. Ukianza kudai takwimu, takwimu zitaletwa, na zitakuwa nzuri. Saa ya kufika itaandikwa ile mgonjwa alipofika wodini, sio alipofika getini. Na wagonjwa wazito wataandikiwa rufaa waende wakafie kwa mwingine. Hao Waingereza hilo wamelizuiaje?

#9 Mtakwimu_Dom

Shikamoo mzee. Wasiwasi wako una msingi, na dawa yake ya kwanza ni kueleza saa inaanzia wapi kabla ya kuhesabu. Kwao inaanza mgonjwa anapofika hospitali. Akivunjikia humo humo wodini, na hao wapo kama 4 kwa kila 100, inaanza pale mvunjiko ulipogunduliwa.

Ya pili ni kulinganisha na kumbukumbu nyingine ambazo hospitali haizigusi. Vifo vya NHFD vinachukuliwa kwenye rekodi za vifo za nchi, haviandikwi na wodi. Kwetu hilo bado gumu, ndiyo maana naona simu kwa ndugu ni muhimu.

Ya tatu, usiweke fedha wala adhabu mwanzoni. England walipima miaka mitatu kabla ya kulipa kwa vipimo.

Na tusiabudu saa. Kuna jaribio kubwa linaitwa HIP ATTACK, hospitali 69 katika nchi 17, wagonjwa 2,970, lilichapishwa 2020. Kundi moja liliharakishwa likapasuliwa ndani ya kama saa 6 tangu kugunduliwa, jingine kama saa 24. Vifo vya siku 90 vilikuwa 9% na 10%, yaani tofauti isiyothibitika. Ila waliochanganyikiwa walikuwa 9% dhidi ya 12%. Kwa hiyo anayepasua ndani ya siku moja asikimbizane na dakika. Hapo kwa DaktariWaKanda tunazungumza wiki, na hilo ni jambo jingine kabisa.

#10 DaktariWaKanda

Mtakwimu, hilo la mwisho ndilo nililokuwa nalitafuta. Nadhani tatizo langu ni kuona kipimo kimoja kirefu. Nikikikata vipande, kila kipande kina mwenyewe: kuanguka hadi hospitali ya kwanza, hospitali ya kwanza hadi kwangu, kufika kwangu hadi chuma kupatikana, chuma kupatikana hadi thieta. Kipande cha mwisho ni changu, hapo sina wa kumlaumu. Cha tatu naweza kwenda nacho kwa mganga mfawidhi na kumwambia, angalia, wazee wetu wanasubiri chuma muda huu, tununue vichache viwe stoo, familia ilipe taratibu. Bila namba atanisikiliza kwa heshima, na hapo itakuwa imeishia.

Kitabu cha wodi cha MTUHA, yaani mfumo wa serikali wa taarifa za afya, kinanipa tarehe ya kulazwa, ugonjwa na namna alivyotoka. Saa hakinipi, kuketi hakinipi. Nafikiria daftari moja la mistari, mgonjwa mmoja mstari mmoja, linakaa meza ya wauguzi. Dada, wewe umejaza hizi fomu, niambie nini kisikose na nini nitupe.

#11 NesiWaMifupa

Daktari, tupa vingi. Aina ya skurubu, jina la mpasuaji, muda wa upasuaji, vyote hivyo viko kwenye karatasi za thieta, ukivihitaji utavitafuta. Daftari likiwa na safu ishirini litajazwa wiki mbili kisha litafanywa la kuandikia zamu.

Mimi ningeandika: umri na jinsia. Alikuwa anatembeaje kabla, peke yake, kwa fimbo, au hatoki ndani. Hiyo itamsaidia Mtakwimu kusawazisha uzito. Tarehe aliyoanguka. Tarehe na saa aliyofika kwako, ya getini kama mzee alivyosema. Kidonda alikuja nacho au amekipatia kwenu, na mumgeuze mkague ngozi siku ile ile ya kulazwa, vinginevyo mtabishana baadaye. Tarehe chuma kilipopatikana. Tarehe na saa ya upasuaji, au sababu ya kutopasuliwa kwa neno moja: fedha, damu, thieta, presha, familia. Mara alizofungishwa bure. Ameketi kwenye kiti kesho yake, ndiyo au hapana. Amechanganyikiwa, ndiyo au hapana. Kuna kipimo kifupi kinaitwa 4AT, hakilipiwi, dakika mbili kimekwisha. Amerudi nyumbani au amefariki, tarehe.

Daftari lisomwe kila mwezi kwenye kikao cha asubuhi, mbele ya wauguzi, fizio, daktari wa usingizi na mtu wa stoo. Huku kwetu namba zilizokuwa zinakwenda kwa mkurugenzi peke yake hazikubadilisha kitu wodini. Zilianza kufanya kazi pale zilipobandikwa ukutani chumba cha chai, fizio akaona kwamba wagonjwa wa Ijumaa hawaketi hadi Jumatatu, akadai zamu ya Jumamosi.

#12 Kijana_wa_Lushoto

Dada nimeona swali lako. Mama yupo, anatembea na fremu hadi uani. Ila hajawahi kupewa dawa yoyote ya mifupa wala kuambiwa kwa nini alianguka.

#13 NesiWaMifupa

Alhamdulillah kwa mama. Hilo la dawa ndilo lile swali la siku ya 120, na hata huku lilikuwa likisahaulika sana. Mzee aliyevunjika nyonga kwa kuanguka kutoka kimo chake mwenyewe, mifupa yake ni dhaifu, na ya upande wa pili iko hatarini. Mrudisheni kliniki mkaulize dawa ya kuimarisha mifupa na vitamini D. Apimwe presha akiwa amelala kisha amesimama, apimwe macho, na dawa zake zote zimwagwe mezani zihesabiwe.

#14 DaktariWaKanda

Nimechukua daftari leo. Swali moja tu. Wale wanaoomba kuondoka bila upasuaji, niwaandike au niwaache? Wakiingia, namba zangu za vifo zitakuwa mbaya sana.

#15 Mtakwimu_Dom

Waandike wote, daktari, na mstari wao usiufute. England wasiopasuliwa ni wachache sana, kama 2 kwa 100, ndiyo maana kwao hawapotoshi hesabu. Kwako wanaweza kuwa sehemu kubwa ya hadithi. Watoe kwenye hesabu ya saa za thieta, wabaki kwenye hesabu ya vifo na ya kurudi kutembea, na taarifa yako ionyeshe makundi mawili kando kando. Chukua namba za simu za ndugu wawili siku ya kulazwa, sio siku ya kuondoka, maana siku ya kuondoka wamekasirika au wana haraka ya gari. Mwezi mmoja ukitimia nesi apige.